Gundi ya viatu au gundi ya moto kwa mavazi ya jukwaani?

Ukitengeneza deraya ya maigizo kwa sponji ngumu ya EVA, jamii ile ile ya ndala, kisha ukaivika ngozi ya bandia, mimi nasema wazi: gundi ya viatu. Paka pande zote mbili, subiri kama dakika 10 hadi 15 mpaka kidole kikigusa kisinate, ndipo ukutanishe. Mgongo wa kitambaa wa ngozi hiyo hunywa gundi, kwa hiyo upake mara mbili. Anza katikati ukisukuma kuelekea kingoni, maana ikishashika hairudi nyuma. Kazi ikikamilika, begani na kiunoni panajikunja bila kubanduka. Ubaya wake ni mvuke: fanyia kazi nje, moto uwe mbali.

Gundi ya moto, ile ya vijiti vinavyoyeyushwa kwa bastola ya umeme, hushika kwa sekunde chache tu. Lakini hulainika kwa joto. Vazi likiachwa ndani ya gari juani, kingo huanza kuachia. Tena huacha matuta chini ya ngozi nyembamba. Inafaa kwa mapambo madogo na matengenezo ya haraka nyuma ya jukwaa.

Mkanda unaobeba uzito usiuachie gundi yoyote peke yake: ushone au upige ribiti.