Mfuko wa klabu ya vitabu kutoka maktaba: mwanzo mzuri kwa klabu ya chuo, mkijua mipaka yake

Maktaba nyingi, za umma na za vyuo, zina huduma ambayo wanafunzi wachache huijua: mfuko wa klabu ya vitabu. Mnaazima kwa mkupuo nakala 8 hadi 15 za kitabu kimoja, mara nyingi pamoja na karatasi ya maswali ya mjadala, kwa wiki 6 hivi. Mtu mmoja huandikwa kuwa mwenye dhamana ya mfuko wote.

Kwa klabu inayotaka kuwakutanisha wanafunzi wasiofahamiana, ni vigumu kupata mwanzo bora kuliko huu. Klabu ikimtaka kila mwanachama anunue kitabu, asiye na pesa hasemi kwamba hana, haji tu. Mfuko unaondoa kikwazo hicho bila kumwaibisha mtu. Tena nakala zote ni za toleo moja, kwa hiyo mtu akisema "tazameni ukurasa wa 74" wote wanafika pamoja.

Kinachosumbua ni muda. Mifuko ya vitabu vinavyopendwa huwahiwa, hivyo agizeni kabla muhula uliotangulia haujaisha, mkauchukue wiki ya 2 au ya 3 ya muhula mpya, watu wakishatulia kwenye ratiba zao. Kikao cha kwanza gaweni nakala na msome kurasa chache kwa sauti papo hapo. Cha pili kiwe baada ya wiki 2, mjadili nusu ya kitabu. Cha mwisho kifanyike wiki ya 5 tangu mchukue mfuko. Wiki inayobaki ni ya kufuatilia nakala, msiijaze kitu kingine. Nakala moja ikikosekana, maktaba inaweza kuhesabu kwamba mfuko wote haujarudi. Andikeni namba ya kila nakala mbele ya jina la aliyeichukua, na mtangaze tarehe ya kurudisha iliyo siku 3 kabla ya ile ya maktaba. Kitabu kinachozidi kurasa 250 hakiingii kwenye mpango huu.

Kasoro kubwa ya mfuko ni kwamba kwa kawaida ndani yake mna vitabu vya karatasi peke yake. Asiyeona, mwenye uoni hafifu au mwenye disleksia (ugumu wa kusoma maandishi) anaachwa nje siku ya kwanza kabisa. Kwenye fomu ya kujiandikisha waulizeni wote swali moja: "Ungependa kusoma kwa njia gani: karatasi, maandishi makubwa, nukta nundu, sauti, au faili?" Hapo hakuna anayelazimika kutaja ulemavu wake. Kisha mwoneni mkutubi mapema, kwa sababu kutayarisha nakala ya nukta nundu huchukua muda. Mkataba wa kimataifa wa Marrakesh, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika 2016, unaziruhusu taasisi zilizoidhinishwa katika nchi wanachama kutengeneza nakala kama hizo bila kibali cha mwenye hakimiliki. Mkipewa faili, hakikisheni ni maandishi halisi, kwa mfano EPUB, muundo wa vitabu vya kielektroniki. PDF ya kurasa zilizopigwa skani ni picha tu, na programu inayomsomea asiyeona maandishi ya skrini kwa sauti hukaa kimya mbele yake. Kitabu cha kielektroniki cha maktaba nacho kina leseni: ya mtumiaji mmoja kwa wakati mmoja itawafungia wengine usiku wa kuamkia kikao.

Karatasi ya maswali ndiyo sehemu dhaifu. Maswali yake mara nyingi yana sura ya mtihani, na wanaosomea fasihi huyateka. Chagueni 4 tu, na kabla ya hayo kila mtu apewe dakika moja kutaja sentensi iliyomgusa; anayetaka kupita apite. Wakizidi 12, gaweni makundi mawili. Asiyemaliza kusoma aambiwe tangu mwanzo kuwa anakaribishwa, la sivyo atajificha hadi muhula uishe.

Orodha ya vitabu nayo huegemea vile vinavyouzwa sana, na lugha zisizo kubwa hupata nafasi finyu. Msichague kwa kura peke yake, maana walio wengi watashinda kila mara. Wanachama watatu tofauti wapendekeze vitabu vitatu kila awamu, wengine wachague kimojawapo.

Nyota 4 kati ya 5 kwa klabu ya watu 8 hadi 12 wanaokutana ana kwa ana. Kwa wanaosoma masomo ya mbali, nyota 2: nakala za kutumwa na kurudishwa humaliza nusu ya muda njiani.