Kliniki ya macho iliyonionesha seli zangu: nyota nne, ya tano imeliwa na foleni

Naanza na malalamiko yaishe. Nimefika saa moja na nusu asubuhi nimeingia kwa daktari saa sita na ushee, na dada wa mapokezi anaita majina kwa kunong'ona, ukisinzia tu umerukwa. Bima kwa ile picha ya seli za jicho hawapokei, nikatoa kesh.

Ila kipimo chenyewe jamani! Mboni yangu ya kushoto ilikuwa imehama, imevutwa pembeni kama tone, mdogo wangu ndo aliiona kwenye picha ya pasipoti, na kila nikiamka naona ukungu mpaka saa nne hivi. Kwingine nilikopita (siwataji) nimepewa dawa ya aleji miezi mitano. Hapa wamenikalisha, kidevu kwenye kimashine, hakigusi jicho wala nini, mara picha hiyo kwenye skrini: seli za nyuma kabisa ya konea, kile kioo cha mbele cha jicho. Jicho la kulia zimepangana kama sega la nyuki, pembe sita sita. La kushoto vurugu tupu, seli nyeusi zina kidoa cheupe katikati, kama negativu za studio za zamani.

Daktari akasema ni sindromu ya ICE (kifupi cha Kiingereza, iridocorneal endothelial), ni adimu, mara nyingi hushika jicho moja na wengi ni wanawake. Mi nilidhani kuna kinyama kimeota, kumbe ni utando wa seli zangu mwenyewe, zile zinazopampu maji konea isivimbe, na ambazo kwa mtu mzima huwa hazizaliani, sasa zimejigeuza tabia kama seli za juu ya jicho, zinazaliana, zinatambaa mpaka kwenye kona maji ya jicho yanapotokea kwenda nje na kupanda juu ya airisi, ile duara yenye rangi, halafu utando ukijikunja unavuta mboni. Kona ikizibwa maji hayatoki vizuri, ndo maana na presha ya jicho ilikuwa juu. Chanzo je? Akasema kuna watafiti walikuta DNA ya virusi vya herpes kwenye konea za wagonjwa ila haijathibitishwa, na kwa kawaida si wa kurithi, hapo nikapumua maana nina mabinti wawili.

Nikamuuliza si muukwangue tu? Akacheka, akasema hata wanaotengenezewa njia mpya ya maji kwa upasuaji, utando huweza kuifuata na kuifunika.

Nimepewa matone asubuhi na usiku, narudi baada ya miezi mitatu. Nitakuja na mto.