Chai ya Sh250 na Pakiti ya Maziwa ya Nyayo

Kabla ya kukuuzia chai, mkahawa huu ulio kwenye ghorofa ya kwanza ya jengo moja karibu na Moi Avenue hukuuzia zilizopendwa. Mlangoni redio ya mbao inapiga rumba, ukutani zimetundikwa picha za mabasi ya KBS, na viti vimefunikwa vitambaa vya kufuma kwa mkono kama vile vilivyotanda katika sebule za mama zetu. Hata menyu imechapishwa mithili ya daftari la shule, nalo jedwali la kuzidisha liko kwenye jalada la nyuma.

Nilikwenda na mpwa wangu aliyezaliwa mwaka 2003, na sikujutia, kwa kuwa ulimi wake haukuwa na kumbukumbu yoyote ya kuutetea mkahawa.

Kivutio kikuu ni maziwa ya Nyayo. Sisi tuliosoma shule ya msingi enzi za Rais Moi tunaukumbuka vyema mpango ulioanzishwa mwaka 1979 wa kuwagawia wanafunzi maziwa bila malipo, na zile pakiti za umbo la piramidi ambazo mtoto aling'ata pembe moja akanyonya kabla mwenzake hajamnyang'anya. Hapa wametengeneza pakiti ya umbo lile lile, wakatia maziwa ya kawaida ya dukani, na bei yake ni Sh200. Nilicheka, kisha nikalipa. Mpwa wangu alionja, akaniuliza: "Mjomba, haya si maziwa tu?"

Swali lake ndilo linaloupima mkahawa huu. Coca-Cola ilipobadilisha ladha ya soda yake nchini Marekani mwezi Aprili 1985, majaribio yalikuwa yameonyesha kwamba waonjaji waliipenda ile mpya, lakini wateja walilalamika kwa ghadhabu hata ile ya zamani ikarejeshwa mwezi Julai. Kumbukumbu, basi, inaweza kuushinda ulimi, lakini ni kwa yule aliye nayo tu. Asiye nayo huonja kilicho kikombeni.

Na kilicho kikombeni hakiridhishi. Chai ya Sh250 huletwa katika kikombe cha chuma chenye ukingo wa buluu, ila ni ya majani ya pakiti yaliyotumbukizwa katika maji ya moto, maziwa yakiwa pembeni, ilhali chai tuliyoizoea ilichemshwa pamoja na maziwa hadi ikakaribia kufurika sufuriani. Githeri, kwa upande wake, ni kazi ya mpishi anayeijua: maharagwe yameiva bila kupondeka, na kitunguu kimekaangwa vizuri. Mpwa wangu aliagiza sahani ya pili.

Wahudumu ni wakarimu na wepesi. Mapambo, hata hivyo, yanahitaji mtu mwenye umri wa kuyasahihisha, maana kwenye kabati la kioo nilikuta simu ya Nokia 3310, iliyotoka mwaka 2000, imebandikwa maandishi "Miaka ya 80", kando ya bango la Sauti ya Kenya, idhaa iliyogeuka kuwa KBC mwaka 1989.

Siku za Jumamosi foleni huteremka hadi ngazini, wengi wakiwa vijana wanaopiga picha na ile redio. Nenda asubuhi ya katikati ya wiki, agiza githeri, na chai ukanywe kwenu.