Deco M4 kwenye nyumba ya bloku: faiba imepanda, Wi-Fi bado inasuasua

Habari zenu wadau, karibuni tena. Leo mezani nina Deco M4 za TP-Link, yaani vifaa vya Wi-Fi vinavyowekwa sehemu tofauti za nyumba na kushirikiana kama mtandao mmoja, boksi la vipande viwili, na tumezijaribu kwenye nyumba ya watu, siyo studio. Tupo Njiro hapa Arusha, kwa shangazi yangu. Nyumba ni ya bloku, ndefu, jiko limekaa katikati, vyumba vya wageni viko nyuma kabisa. Shangazi alipandisha kifurushi cha faiba mpaka megabiti 200 kwa sekunde, siku mbili tatu akanipigia: "Mwanangu, hela nimeongeza, mbona mtandao ndiyo umezidi kukata? Wageni wananisema."

Malalamiko haya nayapata kutoka Sakina mpaka Moshono. Umevuta bomba la inchi mbili hadi getini, ndani bado unamwagilia kwa mpira uleule mwembamba. Faiba inaishia kwenye kile kisanduku alichofunga fundi. Kutoka pale hadi kwenye simu yako, huo ni mzigo wa Wi-Fi, na Wi-Fi hujaigusa.

Kwa hiyo kabla ya kufungua boksi, nilichomeka laptop kwa waya moja kwa moja kwenye kisanduku. Ikasoma 190 na kitu. Safi, aliyeleta huduma katimiza. Nikahamia kwenye waya mwingine, ule uliopita darini kwenda chumba cha nyuma, aliouacha fundi wa kamera. Huku ikagoma kwenye 94. Ukiona kipimo kimekwama kwenye 94 au 95 na hakipandi, usimpigie mtoa huduma simu ya hasira. Hiyo ni dalili kwamba mahali fulani kuna waya au tundu linalotembea kwa megabiti 100.

Sogeeni, nawaonyesha kwa karibu. Hii plagi ni ya plastiki angavu, unaona mpaka ndani. Waya wa mtandao una nyaya ndogo nane. Hapa zimebanwa nne tu, za rangi ya chungwa na za kijani. Za bluu na za kahawia zimekatwa, vichwa vyake hivi hapa vimejificha kwenye ganda. Kwa kamera hizo nne zinatosha kabisa, fundi hakukosea. Ila gigabiti, yaani megabiti 1000 kwa sekunde, inataka zote nane. Tukakata plagi zote mbili, tukabana upya, waya uleule ukapanda.

Halafu kuna mtuhumiwa wa pili, ripita ya zamani pale koridoni, kile kifaa cha kupokea Wi-Fi na kuirusha mbele. Ilinunuliwa enzi za kifurushi kidogo, inajua masafa ya gigahezi 2.4 tu, hayana kasi ya yale ya 5, na jina la mtandao ni lilelile. Simu ya mgeni akipita koridoni inaing'ang'ania hiyo, mistari imejaa juu, video inazunguka tu. Na ripita ya namna hii inapokea na kurusha kwa redio moja, kwa hiyo kasi inakatika karibu nusu kabla hujaanza kutumia. Nimeichomoa, na hiyo peke yake ilipunguza kelele za wageni. Bure kabisa.

Ruta yenyewe, jamani, ilikuwa nyuma ya TV, ndani ya kabati, imebanwa na king'amuzi. Tukaiweka juu ya kabati, sebule ikachangamka. Lakini chumba cha nyuma bado megabiti 6, maana masafa ya 5 yana kasi ila ukuta wa bloku yanauogopa, na katikati kuna jiko lenye friji na vigae. Hapo ndipo Deco zinapohitajika kweli.

Kuziseti ni rahisi, unapakua programu ya Deco, unafungua akaunti yao, hilo la akaunti silipendi ila halikwepeki. Taa ya bluu inasubiri kusetiwa, kijani mambo sawa, nyekundu imepoteza mawasiliano. Kama kisanduku cha faiba nacho ni ruta, zipeleke Deco kwenye hali ya kuwa kituo cha Wi-Fi tu, halafu uzime Wi-Fi ya kisanduku. Ukiacha ruta mbili zifuatane, michezo ya mtandaoni na kamera zinaanza visa.

Sasa matokeo. Bila waya kati ya Deco na Deco, chumba cha nyuma kilipata kama 60. Siyo mbaya, video inakwenda. Tulipotumia ule waya wa darini, 180. Kifaa kilekile, ukuta uleule. M4 ina redio mbili tu, moja ya 2.4 na moja ya 5, kwa hiyo bila waya redio ya 5 inahudumia simu na hapo hapo inaongea na mwenzake. Ukiwa unajenga au unabadilisha dari, pitisha waya sasa hivi hata kama Deco utanunua mwakani.

Ile 1200 iliyoandikwa kwenye boksi kama kasi isikutoe macho. Ni 867 ya masafa ya 5 ukijumlisha na 300 ya 2.4, inakuja 1167 wakaizungusha juu, na simu yako haishiki yote mawili kwa pamoja. Pia hii ni Wi-Fi 5, yaani kizazi cha tano cha Wi-Fi, siyo yale masafa ya 5. Mwenye kifurushi cha megabiti 500 aangalie za Wi-Fi 6. Kwa 200 au chini ya hapo, M4 inatosha, na kwa nyumba ya ukubwa huu nunua mbili, ya tatu ni mapambo. Wewe wa chumba na sebule usinunue kabisa, toa ruta kabatini.

Dukani kuna ndugu yake anaitwa E4, anafanana naye sana na bei iko chini. Matundu yake ya waya ni ya megabiti 100, kwa hiyo kwa kifurushi cha shangazi tungerudi kwenye ile 94. Soma ubavuni mwa boksi, tafuta neno gigabit. Na umwambie muuzaji afungue uone plagi ya umeme, maana nyingine zinakuja na miguu miwili na soketi zetu ni za mitatu. Umeme ukikatika, Deco na kisanduku cha faiba vyote vinataka betri ndogo ya ruta, angalia adapta ya kila kimoja imeandikwa volti ngapi kabla ya kuinunua. Hizo betri nazipima video ijayo.