Royal Institution ya London: Mihadhara Inayoacha Jaribio Lijieleze

Kwa mtu mzima anayetaka kuielewa sayansi pasipo kurudi darasani, Royal Institution, taasisi ya hisani iliyoanzishwa London mwaka 1799, ni mahali pazuri pa kuanzia, hasa kwa kuwa mihadhara yake mingi hutazamwa bila malipo kwenye intaneti.

Sifa yake kubwa ni kwamba jaribio hufanywa mbele ya hadhira badala ya kusimuliwa. Desturi hiyo ilikomaa mikononi mwa Michael Faraday, mwana wa mhunzi aliyejifunza kujalidi vitabu kabla ya kuajiriwa hapo mwaka 1813 kuwa msaidizi wa maabara, na ambaye mwaka 1831 alionyesha kwamba sumaku ikisogezwa ndani ya koili ya waya huzalisha umeme. Katika mihadhara yake kwa vijana kuhusu mshumaa, Faraday aliuzima mshumaa, akausogezea moto ule moshi unaopaa, na mwali ukateremka hadi kwenye utambi ambao haukuguswa. Hapo kila aliyetazama akajionea kwamba kinachoungua ni mvuke wa nta, si nta yenyewe. Nimelirudia jaribio hilo mezani kwangu, na ninakiri kwamba lilinishinda mpaka nilipojifunza kuharakisha kabla mvuke haujatawanyika.

Mihadhara ya Krismasi, iliyoanza mwaka 1825 na kukatizwa na Vita Vikuu vya Pili pekee, ndiyo inayojulikana zaidi. Kwa maoni yangu, ile ya siku hizi inayotayarishwa kwa ajili ya televisheni hupenda mno vishindo na miali, kiasi kwamba jaribio huweza kumalizika kabla mtazamaji hajapata nafasi ya kujiuliza litaishia wapi. Ninapendelea mihadhara ya Ijumaa jioni, ambayo kwa desturi mzungumzaji huianza bila utangulizi na kuimaliza dakika sitini zikitimia. Ufinyu huo wa muda humlazimisha kuchagua la kusema.

Isisahaulike kwamba taasisi hii, inayojitambulisha kuwa ya watu wote, ilingoja hadi mwaka 1994 ndipo mwanamke, Susan Greenfield, akatoa mihadhara ya Krismasi kwa mara ya kwanza, yaani miaka 169 baada ya mihadhara hiyo kuanza. Ninaipa nyota nne kati ya tano, na anayeanza namshauri atafute kwanza mhadhara wenye meza iliyojaa vifaa, si wenye picha nyingi ukutani.