Kupandikiza polima kwenye vitufe: seriamu au ATRP?

Wanafunzi wa uzamili wanaoanza kazi hii Nairobi hawaachi kuuliza: vitufe vyangu vidogo vya polima (molekuli ndefu kama mnyororo) vina haidroksili (vikundi vya -OH) juu, sasa nioteshe minyororo kwa chumvi ya metali ya seriamu, au kwa ATRP, njia ya kuotesha minyororo kwa udhibiti kwa kichocheo cha shaba?

Kwa gharama, seriamu haina mpinzani. Chumvi yake huyeyuka majini. Unatia asidi ya nitriki kidogo, unapitisha nitrojeni, basi. Ioni yake hunyakua elektroni kwenye haidroksili na kuacha radikali (mahali penye elektroni pweke, ambapo mnyororo huanza kuota) papo hapo juu ya kitufe. Rangi ya manjano ya myeyusho ikififia, ujue seriamu inatumika.

ATRP, iliyotangazwa 1995, ina madaha. Lazima kwanza ubandike kianzishi (molekuli ambako mnyororo huanzia) chenye bromini, kwa kawaida kwenye kiyeyushi kikavu, maana maji huharibu kemikali ya kukibandikia. Na ole wako utumie toluini kwa vitufe vya polistirini ambavyo minyororo yake haijafungamanishwa: vitayeyuka vyote, ubaki na uji. Kuagiza kemikali kutoka nje nako kuna safari yake. Mwishowe unaosha shaba ya kichocheo hadi uchoke.

Lakini ukitaka minyororo ya urefu unaokaribiana, au kuiongezea kipande cha pili cha polima tofauti, seriamu itakuangusha.

Oksijeni huzisumbua zote mbili, kwa hiyo silinda ya nitrojeni ikiisha, ahirisha tu.

Anayetaka kunasa metali nzito kwenye maji machafu, seriamu yamtosha. Anayechunguza unene wa tabaka la minyororo unavyozuia protini kunata, ajikaze na ATRP.