Riwaya gani umnunulie mtoto wa mwaka wa 7 au wa 8? Wanafunzi wa Bukavu wamechagua

Kila masomo yanapokaribia kufungwa, wazazi hunisimamisha njiani hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, mmoja pale Nyawera, mwingine kwenye kupanda kwa Kadutu, na swali ni lile lile: "Prof, nimnunulie mtoto kitabu gani cha likizo?" Zamani nilikuwa nawatajia vitabu nilivyofundishwa mimi mwenyewe. Mzazi ananunua, mtoto anasoma kurasa nne, kitabu kinaishia kuwekewa sufuria ya moto juu yake.

Mwaka huu nilibadili njia. Niliwapa wanafunzi wangu wa mwaka wa 7 na wa 8 nusu karatasi kila mmoja, bila kuandika jina, nikawaambia: taja riwaya moja uliyoisoma ukaipenda, kisha mwambie mwenzako kwa nini aitafute. Sharti lilikuwa moja tu: uwe umefika ukurasa wa mwisho.

Sharti hilo liliangusha vitabu vingi vyenye heshima. Karatasi chache zilirudi na sentensi moja, "Prof, sijamaliza hata kimoja," na hizo nimezihifadhi kuliko zote, maana ndizo zinazonifanya niandike. Kwa mtoto wa miaka kumi na miwili au kumi na mitatu, kitabu ghali ni kile asichokimaliza, hata ukikipata kwa bei ya mkate.

Mpangilio unaofuata ni wao. Nimeingiza mkono mahali pamoja tu, nanyi mtapaona.

1. Petit Pays, cha Gaël Faye (kwa mwaka wa 8)

Hiki kilishinda bila ubishi. Kilitoka mwaka 2016. Mwandishi alizaliwa Bujumbura mwaka 1982, na wengi wa watoto wetu walimjua kwanza kama mwanamuziki. Gabriel, mvulana wa miaka kumi, baba Mfaransa, mama Mnyarwanda, anaishi Bujumbura kwenye kichochoro kimoja na marafiki zake. Kijiwe chao ni gari bovu la Combi Volkswagen. Wanaiba maembe kwenye bustani ya jirani, kisha wanakwenda kumuuzia jirani huyo huyo. Darasa zima lilicheka hapo, na nadhani wawili watatu walicheka kwa kujitambua.

Lakini kilichokipandisha juu ni Bukavu. Mapema katika kitabu, familia inavuka mpaka, enzi za Zaire, kuja kwetu kumtembelea mzee mmoja Mbelgiji anayekaa kando ya Ziwa Kivu. Niliposoma sehemu hiyo kwa sauti, kijana mmoja wa benchi la nyuma, ambaye tangu Septemba hakuwa amefungua mdomo ila kuomba ruhusa ya kutoka, alisimama: "Prof, iko naongelea Bukavu yetu!" Hakuniamini, akataka aone kwa macho yake. Nilimpa kitabu. Kilirudi baada ya wiki nzima, na kona za kurasa zimekunjwa.

Wasichana walimtaja zaidi bibi Economopoulos, jirani Mgiriki mwenye nyumba iliyojaa vitabu, anayemwazima Gabriel kimoja baada ya kingine wakati mambo yanaharibika nje. Mmoja aliandika: "Na mimi ningependa jirani kama huyo." Sina la kuongeza.

Sasa onyo. Mbele zaidi kitabu kimebeba Burundi ya 1993 na Rwanda ya 1994, na hakifichi kitu. Bukavu hakuna nyumba isiyo na mtu mzima anayekumbuka wakimbizi walivyoingia mwaka ule. Kwetu si habari za mbali. Mama ya Gabriel anaporudi kutoka Rwanda na kuanza kusimulia usiku alichokiona, hata mimi nilifunga kitabu nikatoka nje kidogo. Kwa hiyo mzazi asome kwanza, halafu awe karibu. Hapa ndipo nilipoingiza mkono: wa mwaka wa 7 nao walikipa nafasi ya kwanza, mimi nimekiondoa kwao. Wasubiri mwaka mmoja.

2. L'Enfant noir, cha Camara Laye (kwa mwaka wa 7 hiki ndicho cha kwanza)

Kitabu cha 1953, na bado kinasomwa kama kimeandikwa juzi. Nilitarajia watoto wakiite cha wazee, kumbe sivyo. Kinaanza na mtoto mdogo huko Kouroussa, Guinea, anayecheza na nyoka, anamtia unyasi mdomoni, hajui hatari, mpaka mwanafunzi wa baba yake anakuja kumnyakua. Mtoto akishasoma ukurasa huo wa kwanza, huna haja ya kumsukuma.

Sura waliyoitaja zaidi ni ya dhahabu. Mwanamke analeta dhahabu aliyoichuja kwenye tope kwa miezi, amekuja na msifu wake wa kumbembeleza fundi. Baba anaiweka kwenye chungu, anaifunika kwa makaa, vijana wanavuta mivukuto, hakuna anayesema neno, na midomo ya baba inatembea bila sauti. Katika mkoa wetu, ambako kila familia ina mtu aliyewahi kupita kwenye machimbo ya dhahabu ya Kamituga au Shabunda, ukurasa huo hausomwi kama hadithi. Karatasi moja iliandikwa hivi tu: "Mwandishi huyu hadanganyi, mjomba yangu anafanya kazi hiyo."

Kuna pia usiku wa Kondén Diara, wavulana wanapopelekwa porini kusikiliza simba wakinguruma gizani. Simwambii mtu simba hao ni akina nani. Sura ya jando inafuata. Inasemwa kwa adabu, ila mama wengine wangependa kujua mapema kwamba ipo.

Faida nyingine ni kwamba kinapatikana. Kimefundishwa miaka mingi mno hata kwenye meza za vitabu vilivyotumika hakikosekani, na sura zake ni 12 tu. Kama una pesa ya kitabu kimoja na watoto wawili wa umri tofauti, chukua hiki.

3. Watoto wa Mama N'tilie, cha Emmanuel Mbogo

Cha tatu ni cha Kiswahili, na kimenishangaza, maana darasani kwetu tunasoma kwa Kifaransa. Ni riwaya ya Tanzania, ya mwaka 2002. Zita na Peter wanarudishwa nyumbani kwa sababu ya karo na sare; mama yao anauza chakula barabarani, baba ni mlevi, na wao wanaishia kuchakura jalalani pamoja na watoto wa mitaani. Badala ya "karo" soma "minervali", halafu niambie kama hiyo ni Dar es Salaam au ni hapa hapa.

Kiswahili chake ni sanifu lakini chepesi. Watoto wetu, ambao nyumbani wanasema "batoto" na "bantu", hawakuhitaji zaidi ya kurasa kumi kuzoea. Shida ni kukipata. Mara nyingi hutakikuta dukani. Muagize mtu anayekwenda Dar es Salaam au Kigoma kuchukua bidhaa. Kitabu hiki ni chembamba, hakimzidishii mzigo. Andika jina la kitabu na la mwandishi kwenye karatasi, usitegemee kumwambia kwa mdomo, la sivyo atakuletea kitabu cha mapishi.

4. Ngando, cha Paul Lomami Tshibamba

Mkongo mwenzetu, kitabu cha 1948, kilichopata tuzo ya kwanza kwenye maonyesho ya koloni huko Brussels mwaka huo huo. Ngando ni mamba kwa Kilingala. Mtoto Musolinga anatoroka masomo, anakwenda mtoni, mamba anamchukua, na nyuma ya mamba kuna uchawi. Wavulana waliosoma walikisifu kwa sauti. Mmoja alikiri kwamba tangu hapo hapendi kuoga ziwani. Nadhani kingepanda juu zaidi kama kingekuwa rahisi kupatikana. Ukikiona, usiulize mara mbili.

5. Une si longue lettre, cha Mariama Bâ

Wasichana wa mwaka wa 8 ndio waliokipigania. Ramatoulaye, mjane wa Dakar mwenye watoto kumi na wawili, anamwandikia rafiki yake jinsi mume wake, Modou, alivyooa rafiki ya binti yao wenyewe. Kilitoka 1979, na mwaka 1980 kikapata tuzo ya Noma, ya kwanza kabisa kutolewa. Ni kifupi, lakini ufupi usikudanganye, ni barua ya mtu mzima. Wavulana wengi walikwama. Wasichana walitoka na hasira, na mmoja aliniuliza kama baba yake anaweza kukisoma. Nikamwambia akiache mezani tu.

6. Adili na Nduguze, cha Shaaban Robert

Gavana mmoja kila usiku anawachapa manyani wawili huku analia, na mfalme Rai anataka kujua kwa nini. Nani hataki kujua? Hadithi ni tamu ajabu. Lugha ndiyo mlima. Kitabu ni cha 1952, na kwenye jalada tu watoto waliuliza "nduguze" ni nini. Ni "ndugu zake", wameunganishwa. Mnunulie mtoto huyu kitabu kama mko tayari kusoma pamoja jioni, mzazi anasoma kwa sauti, mtoto anauliza. Akiachwa nacho peke yake hatamaliza, niliona.

7. Le Petit Prince, cha Antoine de Saint-Exupéry

Nitaudhi watu. Kitabu hiki cha 1943 wanakipenda wazazi kuliko watoto. Kwa sababu ya michoro watu wanadhani ni cha wadogo. Wa mwaka wa 7 walikimaliza, kweli, sura 27 fupi fupi, lakini karatasi nyingi ziliuliza: mwisho alikufa au hakufa? Si kibaya. Kinafaa mtoto anayependa kukaa kimya peke yake. Kipo pia kwa Kiswahili, Mwana Mdogo wa Mfalme, kimechapwa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam.

Viwili vya kuacha kwa sasa

Kuna tuzo ya Ufaransa inayoitwa Goncourt des lycéens, iliyoanza mwaka 1988, ambayo wanafunzi wa sekondari wenyewe ndio wanaosoma na kuchagua. Petit Pays iliipata mwaka 2016. Mwaka 2000 ilikwenda kwa Allah n'est pas obligé cha Ahmadou Kourouma, na wazazi wengine, wakiona neno "lycéens" na msimulizi mtoto, wananunua. Msimulizi huyo ni Birahima, mwanajeshi mtoto, anatembea na kamusi nne na matusi yasiyohesabika. Ni kitabu kikubwa sana. Kingoje humanités, yaani madarasa ya juu ya sekondari. Wanafunzi wa lise ya Ufaransa ni vijana wa miaka kumi na mitano kwenda juu, si hawa wetu.

Kingine ni Tram 83 cha Fiston Mwanza Mujila. Ni mwana wa Lubumbashi, tunajivunia, lakini kitabu chote kinakaa kwenye baa usiku. Baba mmoja alimnunulia binti yake wa mwaka wa 7 akidhani ni habari za treni.

Kabla hujatoa pesa

Mimi mwenyewe nililiwa. Nilinunua L'Enfant noir iliyotumika, jalada zuri, bei nzuri, sikufungua. Binti yangu akafika mwisho akakuta karatasi zimeng'olewa. "Papa, alienda Ufaransa au hakwenda?" Ilinibidi nimsimulie mimi: kwamba aliondoka, na mfukoni alihisi kitu kinene, ramani ya metro aliyopewa. Kusimuliwa si kusoma, na aliniambia hivyo. Basi fungua kwanza kurasa za mwisho, si za mwanzo. Kisha pitisha kidole kwenye mgongo wa kitabu. Gundi ikilia na kupasuka, kurasa zitaanza kuanguka kabla ya likizo kwisha.

Angalia maandishi madogo ya jalada. Mama mmoja alinijia na Une si longue lettre chembamba, ameridhika na bei. Chini kulikuwa na maneno "étude de l'œuvre". Ni uchambuzi wa kitabu, si kitabu. Unachotaka ni "texte intégral", yaani kitabu chenyewe kizima.

Fotokopi zilizobandikwa ni rahisi zaidi, ila mwandishi hapati kitu, na nakala ya nakala inafifia. Kipimo changu: zima taa, washa tochi ya simu, soma mistari mitano. Ukikunja uso, mtoto naye atakunja, na usiku umeme ukikatika tochi hiyo ndiyo atakayotumia. PDF za WhatsApp sizitaki kwa umri huu. Simu ikishakuwa mkononi, riwaya haina nafasi.

Nunua Julai. Ukingoja mwisho wa Agosti, minervali, uniforme na makaye (madaftari) vitakuwa vimemaliza mfuko.

Na jina la mtoto usiliandike kwenye jalada wala ukurasa wa kwanza. Kitabu kikipotea hizo ndizo zinazochanwa. Chagueni pamoja ukurasa mmoja wa ndani, tuseme wa 37, aandike hapo kwa bic. Petit Pays ya darasa langu ilirudi hivyo, kutoka kwenye meza ya kuuzia.